Rupia Mbili za Kulwa na Doto

Kulwa na Doto nimewatunga mimi. Msiende Jangwani mkawaulizia vibarazani, hamtawapata. Rupia zao lakini sikuzitunga. Rupia za namna ile zilikuwapo, zilitumika hapahapa Dar es Salaam, na nitakayowaambia juu yake mnaweza kuyahakiki wenyewe siku mkiishika moja.

Haya, tuanze. Bibi yao mapacha hawa alikaa Jangwani miaka mingi, kwenye nyumba ya Kiswahili: vyumba vitatu huku, vitatu huku, ukumbi katikati, na uani mlimao mmoja. Jangwani mnaijua. Huku una Kariakoo, huku una bonde la Msimbazi, na mvua zikizidi bonde linajaa. Desemba 2011 lilijaa vibaya, mpaka wakazi wengi wa mabondeni wakahamishiwa Mabwepande. Nyumba ya Bibi ilisalimika, ila maji yaliingia ndani, na vyote vilivyokuwa chini ya kitanda vililala kwenye tope. Hilo tope mlikumbuke.

Bibi alipofariki, arobaini ilipokwisha, baba mkubwa aliwaita ndugu wagawane alivyoacha. Khanga zikaenda kwa mabinti, cherehani kwa shangazi, saa ya ukutani ikagombaniwa kidogo. Mwisho likafunguliwa kopo la majani ya chai lililokuwa chini ya kitanda. Ndani mlikuwa na vifungo, risiti zilizofutika maandishi, ufunguo usiojulikana wa wapi, na kipande cha kaniki kimefungwa fundo. Ndani ya fundo, rupia mbili za fedha.

"Hizi za mapacha," baba mkubwa akasema. "Marehemu alishaniambia."

Kulwa, ambaye ni msichana, akachukua iliyoandikwa 1891. Ilikuwa ya kijivu inayoelekea weusi, na karibu na ukingo ina doa la kijani. Upande mmoja kuna mwanamume mwenye sharubu, amevaa kofia ya chuma ya kijeshi yenye ndege kileleni, na uso wake umelika. Upande wa pili kuna simba amesimama mbele ya mti, tuseme mtende. Doto akachukua ya 1910. Mwanamume ni yuleyule na kofia ni ileile, ila upande wa pili hakuna simba. Kuna shada la majani, tarakimu 1, neno Rupie, mwaka, na herufi ndogo J.

Mwenye sharubu ni Kaiser Wilhelm wa Pili, mtawala wa Ujerumani, na maneno ya Kilatini yanayomzunguka, GUILELMUS II IMPERATOR, ni jina lake na cheo chake. Kwa nini sarafu moja ina simba na nyingine haina? Kwa sababu ya Kulwa ilitolewa na kampuni. Ndiyo, kampuni ya biashara. Wajerumani waliokuja kututawala walianza na Kampuni ya Afrika Mashariki ya Kijerumani, na kampuni hiyo ikapewa haki ya kutoa pesa kwa jina lake. Simba na mti ndiyo nembo yake. Rupia zake ni za kuanzia 1890 hadi 1902. Kuanzia 1904 sarafu zikawa za serikali ya koloni yenyewe, simba akaondolewa. Zamani rupia moja ilikuwa pesa 64. Baada ya hapo ikawa heller 100. Herufi J inaonyesha kiwanda cha sarafu cha Hamburg. Zilizotoka Berlin zina A.

Na msidhani rupia zile zilikuwa za matajiri tu. Kuanzia 1898 mkoloni alidai kodi ya kibanda, rupia 3 kwa mwaka kwa nyumba ya kawaida ya shamba. Asiyekuwa na rupia ilimbidi aitafute: auze mazao, abebe mizigo, au akafanye kazi kwenye shamba la mzungu. Kwa hiyo rupia ya 1891 inaweza kuwa imepita kwa mpagazi, kwa mwenye duka, kwa akida, ikarudi kwa mwenye duka, miaka nenda miaka rudi, hadi Waingereza walipoingia Dar es Salaam Septemba 1916, na hata baada ya hapo, mpaka shilingi ilipochukua nafasi yake mwanzoni mwa miaka ya 1920.

Jioni ileile Doto akapata ushauri. Kibarazani hakukosi mshauri. Jirani mmoja akasema fedha husafishwa kwa ndimu na majivu, mwingine akasema dawa ya meno ndiyo kiboko. Doto, asije akamuudhi mtu, akatumia vyote vitatu, akamalizia na stilwaya ya kusugulia masufuria. Rupia ikang'aa ukaweza kuiona kutoka ng'ambo ya barabara. Kulwa hakusugua yake. Si kwamba alikuwa na hekima kuliko pacha wake. Kesho yake alikuwa na mtihani wa hesabu.

Wakaanza kubishana. "Yangu ina thamani zaidi, ni ya zamani," akasema Kulwa. "Yangu ina thamani zaidi, ni safi," akasema Doto. Wakabishana wiki nzima, mpaka shangazi akachoka. Jumamosi asubuhi akawashika mikono, wakavuka kwenda Kariakoo kwa sonara anayemfahamu. Na nyinyi fanyeni hivyo: msiende sokoni na kitu cha fedha bila mtu mzima.

Duka la sonara lilikuwa jembamba, lina mlango wa nondo, meza ya kioo, taa ya shingo ndefu, na mizani ndogo ya umeme inayoonyesha mpaka sehemu ya mia ya gramu.

"Shikamoo babu," wakasema pamoja.

"Marahaba wajukuu zangu. Mmekuja kuuza au kuuliza?"

"Kuuliza," akajibu shangazi haraka.

"Kuuliza bure. Leteni."

Akaiweka ya Kulwa kwenye mizani: gramu 11.44. Akaiweka ya Doto: 11.60. Akatikisa kichwa kuonyesha ameridhika, akawaeleza jambo ambalo kila sonara wa zamani wa pwani hii alilijua. Rupia mpya ya Mjerumani ilikuwa na uzito wa gramu 11.66, sawa kabisa na rupia ya India, kwa sababu Mjerumani alikuta rupia ya India ndiyo pesa ya pwani yote na hakutaka kugombana na wafanyabiashara. Na gramu 11.66 ndiyo tola moja, kipimo cha masonara. Madini yake ni fedha sehemu 917 katika kila 1,000. Zilizobaki ni shaba, ili sarafu iwe ngumu.

"Sasa hesabuni wenyewe," akasema. "Yako mama imepoteza gramu ngapi?"

"Sifuri nukta mbili mbili," akasema Kulwa. Mtihani wa hesabu alikuwa amefaulu.

"Zimekwenda wapi?"

Hakuna aliyejibu. Zimekwenda kwenye vidole vya watu, kwenye mifuko, kwenye mbao za kaunta, kwenye rupia nyingine zilizosuguana nayo ndani ya gunia. Sarafu ya fedha hulika kidogo kidogo, na mizani huona.

Lakini kabla ya kuhukumu hali yake, sonara alitaka kwanza kujua kama ni fedha kweli. Akapitisha sumaku juu yake, haikushika. Hilo ni zuri, lakini halitoshi, kwa sababu shaba na risasi nazo hazishikwi na sumaku. Sumaku inaweza kukuambia "hii ni bandia". Haiwezi kukuambia "hii ni halisi". Kisha akafanya jambo lililowafurahisha mapacha kuliko yote ya siku ile. Akaweka bilauri ndogo ya maji juu ya mizani, akabonyeza kitufe mizani isome sifuri. Akafunga rupia ya Kulwa kwa uzi mwembamba, akaitumbukiza majini ikining'inia, haigusi chini wala pembeni. Mizani ikasoma 1.11.

"Gawanyeni 11.44 kwa 1.11," akasema.

Wakapata kama 10.3. Fedha ya namna ile inapaswa kutoa hivyo hivyo, 10.3 na kitu kidogo. Shaba nyeupe ya bandia ingetoa kama 8.9, shaba ya manjano ingekuwa chini zaidi, na risasi ingepita 11. Njia hii ina zaidi ya miaka 2,000. Inahusishwa na Archimedes, mtaalamu wa Kigiriki aliyeishi Syracuse, kisiwani Sicily. Mkitaka kuijaribu nyumbani, hakikisheni mizani inasoma sehemu ya mia ya gramu. Mizani ya kupimia unga haitasaidia kitu. Na msimsikilize anayewaambia muiangushe sarafu kwenye sementi msikie mlio wake. Mlio mtausikia, na kovu ukingoni mtalipata.

"Zote halali," akasema sonara. "Sasa, mimi nanunua kwa gramu. Kwa gramu, ya Doto imeizidi ya Kulwa."

Doto akaruka juu. Kulwa akanuna.

"Ngoja kwanza," babu akaendelea. "Nimesema mimi nanunua kwa gramu, kwa sababu nitaiyeyusha niitengeneze bangili. Kwangu simba ni fedha, Kaiser ni fedha, na mikwaruzo ni fedha. Lakini yupo mtu mwingine ambaye hataki bangili. Anataka rupia. Huyo hatazami mizani kwanza. Anatazama hivi."

Akavuta taa, akailaza pembeni ili mwanga uingie kwa mshazari, si kutoka juu. Hapo, wajukuu zangu, ndipo kazi ya kuhukumu hali ya sarafu inapoanza, na naomba mnisikilize vizuri, maana wengi hudhani ni suala la kung'aa.

Sarafu inaposhikwa, hushikwa ukingoni, kwa kidole gumba na cha shahada, juu ya kitambaa laini. Vidole visiguse uso, kwa sababu jasho lina chumvi na alama ya kidole inaweza kubaki miaka. Unaigeuza polepole chini ya mwanga wa pembeni, kwa lenzi ya kukuza mara 5 au 10. Na unatafuta mambo mawili ambayo watu huyachanganya: kulika na kuumia. Kulika ni haki ya sarafu iliyofanya kazi. Kuumia ni jambo lililotendwa.

Kulika huanzia juu. Sehemu zilizoinuka zaidi ndizo zinazogusa kaunta na vidole. Kwenye rupia hii tazameni ndege aliye juu ya kofia, ambaye ni tai, kisha sharubu, kisha shavu. Kwa Kulwa, tai alikuwa amebaki umbo tu, manyoya ya bawa hayahesabiki, na sharubu zimeungana na shavu. Upande wa pili simba alionekana mwili na miguu, lakini manyoya ya shingoni yamelala. Maandishi yote yanasomeka, na mwaka unasomeka bila kubahatisha. Kwa Doto mambo yalikuwa tofauti. Sharubu zilionyesha unywele mmoja mmoja, na bawa la tai lilikuwa na manyoya ya kuhesabu. Majani ya shada yalikuwa na mishipa yake. Ilikuwa sarafu iliyotumika kidogo sana. Pengine aliyeipata aliificha mapema na haikurudi sokoni.

Wakusanyaji wa sarafu wana ngazi za kueleza kulika huku. Chini kabisa ni sarafu ambayo unatambua tu ni ya aina gani, imebaki kama kipande cha sabuni kilichotumika. Juu yake kuna iliyochakaa ila maandishi yanasomeka. Juu zaidi kuna ambayo vipambo vikubwa vyote vinaonekana, kisha ambayo hata vipambo vidogo vipo na imelika kileleni tu, na juu kabisa ni ambayo haijawahi kutumika, bado ina mng'aro wa kiwandani. Mng'aro huo ukigeuza sarafu unazunguka nayo, hautulii mahali pamoja. Mwaka 1949 Mmarekani mmoja, William Sheldon, aliziweka ngazi hizi kwa tarakimu, kutoka 1 hadi 70. Alizitunga kwa ajili ya senti kubwa za shaba za kwao, lakini siku hizi hutumiwa kwa sarafu za kila namna. Mimi sizipendi sana tarakimu hizi kwa mtu anayeanza. Anayejifunza aseme kwa maneno anachokiona: "sharubu zipo, bawa halipo." Hapo hakuna wa kumdanganya.

Kwa ngazi ya kulika peke yake, basi, Doto alikuwa juu sana ya dada yake. Sonara mwenyewe alikiri. Kisha akageuza rupia ya Doto chini ya taa, na mapacha wote wawili wakaona.

Uso wote ulijaa mistari. Mistari myembamba, mingi, ya kwenda huku na kurudi, ikipita juu ya shavu la Kaiser, juu ya kofia, na hata kwenye uwanja tambarare nyuma ya kichwa ambako matumizi ya kawaida yangeacha alama chache tu. Ile ni stilwaya, na pengine chembe za majivu. Mng'aro wake haukuzunguka rupia ilipogeuzwa. Ulibaki mweupe uleule, kila upande sawa. Kulikuwa na mabaki meupe ya dawa ya meno katikati ya herufi za jina la mfalme. Na weusi ule wa miaka mia na zaidi, uliokuwa umejaa kwenye mashimo ya herufi ukazifanya zisomeke vizuri, haukuwapo tena.

Weusi huo si uchafu. Fedha haipati kutu kama chuma. Gesi zenye salfa zilizomo hewani huungana na fedha, zikaacha utando mwembamba mno wa kijivu, kahawia, wakati mwingine wenye rangi ya buluu au zambarau pembeni. Utando huo ni fedha yenyewe iliyobadilika, kwa hiyo anayeukwangua anaondoa fedha. Ndimu na ukwaju ni asidi, na asidi haichagui kati ya uchafu na kitu. Majivu na dawa ya meno vina chembe ngumu, zimewekwa hivyo makusudi. Ni nzuri kwa sufuria, na dawa ya meno ni nzuri kwa meno.

"Je, mkusanyaji akiiona hii?" Doto akauliza, sauti imepungua.

"Ataipenda sura, atachukia ngozi. Atasema imesafishwa, na neno hilo kwao ni zito. Ya dada yako atasema imechakaa, lakini haijaguswa. Bei siwezi kuwatajia, si kazi yangu. Ila kama ningeiona ya kwako kabla hujaisugua, mimi mwenyewe ningekukatalia kuiyeyusha."

Ya Kulwa nayo ilikuwa na tatizo lake, lile doa la kijani. Sasa likumbukeni tope la 2011. Kijani hicho kinatoka kwenye shaba, ile sehemu ndogo niliyosema ilichanganywa na fedha. Maji na chumvi vikikaa nayo muda mrefu, shaba hujitokeza na kuota kijani. Sonara aligusa doa kwa kijiti cha mbao, likawa gumu, halimeguki unga. Akasema liachwe. Lingekuwa linatoa unga, ingefaa kumwonyesha mtu anayehifadhi vitu vya kale, si kulikwangua kwa kisu. Kama sarafu ina tope tu, unaiosha kwa maji safi bila kuisugua, unaikausha kwa kuigandamiza kwa kitambaa laini, basi.

Hapo shangazi akavua mkufu wake. Ulikuwa na rupia ya India, ya Mfalme George wa Tano, imetobolewa tundu juu na kutiwa pete. Akauliza: na hii je? Kwa mkusanyaji, tundu ni jeraha, na pete iliyochomelewa ni jeraha jingine, na hakuna ngazi nzuri itakayoiokoa. Mimi hapo natofautiana nao kidogo. Rupia iliyotobolewa ilivaliwa na mtu, na kama unajua ni nani, unajua jambo ambalo rupia nzima isiyoguswa haiwezi kukuambia. Ila usitoboe nyingine leo kwa kisingizio hicho.

Sonara akauliza kama ni ya mwaka 1911. Haikuwa, ilikuwa ya 1917. Akacheka, akawasimulia. Mwaka 1911 mfalme huyo alichorwa kwenye rupia akiwa na mkufu wa heshima begani, na kwenye mkufu kuna tembo mdogo. Mchongaji akampa tembo mkonga mfupi mno. Watu wa India walipoangalia vizuri wakasema huyu si tembo, ni nguruwe. Waislamu wakakasirika, pesa ikakataliwa, na kwenye rupia za 1912 tembo akachongwa upya. Mnaona kwa nini lenzi ni muhimu: tofauti nzima iko kwenye mnyama mdogo kuliko punje ya mchele.

Walio na ndugu Unguja, Pemba au Lamu huenda wakakuta sandukuni si rupia bali riale ya Sham, pande kubwa la fedha la gramu 28 na ushee, lenye mwanamke mnene wa ushungi. Huyo ni Maria Theresa, malkia wa Austria. Hapo kuna mtego. Riale hizo karibu zote zimeandikwa 1780, mwaka aliofariki, lakini ziliendelea kupigwa chapa kwa mwaka uleule vizazi na vizazi, kwanza Austria, na katika karne ya 20 hata Rome, London, Paris, Brussels na Bombay. Wafanyabiashara waliizoea sura ile, wakaikataa iliyobadilishwa chochote. Wengine walihesabu lulu 9 za bruchi yake kabla ya kuipokea. Kwa hiyo mwaka ulioandikwa haukuambii umri. Tazameni ukingo: riale halali ina maneno yaliyoinuka, IUSTITIA ET CLEMENTIA. Bandia nyingi zinazouzwa kwa watalii zina ukingo mtupu.

Na shilingi ya zamani ya simba na milima, ile ya Afrika Mashariki ya kuanzia 1921? Hiyo nayo ni ya fedha, lakini robo tu. Sehemu 250 kati ya 1,000. Mwenye kuwaambia ni fedha tupu anawadanganya. Na baada ya Vita vya Pili vya Dunia hata robo hiyo iliondolewa.

Jambo moja zaidi, na hili ni la sheria. Sarafu ya urithi ni ya familia. Sarafu iliyofukuliwa ardhini, kwenye magofu ya Kilwa au kisiwani, ni jambo jingine. Mwaka 1984 huko Mtambwe Mkuu, Pemba, wachimbaji wa mambo ya kale walifukua hazina ya sarafu ndogo za fedha zaidi ya 2,000, zenye majina ya watawala wa Kiislamu wa pwani hii. Kama kila mtoto angeokota moja na kuipeleka kwa sonara, leo tusingejua kitu. Tanzania Bara ina Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inayolinda vitu vilivyotengenezwa na watu kabla ya 1863. Ukikuta kitu cha namna hiyo ardhini, kiache hapohapo, toa taarifa.

Tuwarudie mapacha. Doto aliuliza kama rupia yake inaweza kurudi ilivyokuwa. Babu akamwambia weusi utarudi wenyewe baada ya miaka, kwa hewa ya Dar es Salaam hautachelewa sana, lakini mistari haitaondoka, na atakayemwambia kuna dawa ya kuiondoa anataka kuisugua zaidi. Kisha akawapa kila mmoja bahasha ndogo ya karatasi. Si mfuko wa plastiki laini, kwa sababu baadhi ya plastiki hizo hutoa mafuta yanayoacha utelezi wa kijani kwenye sarafu. Na msiifunge kwa rababendi. Mpira una salfa, na salfa mmeshaambiwa inafanya nini.

Shangazi akatoa penseli. Juu ya bahasha ya kwanza akaandika: Rupia 1, 1891, Kampuni, gramu 11.44, imelika, haijasafishwa, doa la kijani. Juu ya bahasha ya pili: Rupia 1, 1910 J, gramu 11.60, imelika kidogo, imesuguliwa. Mkaguzi yeyote angeweza kuandika hivyo. Alipofika kwenye mstari wa mwisho, Bibi alizipata wapi, penseli ikasimama. Shangazi hakujua. Baba mkubwa, alipopigiwa simu, hakujua. Nani alimpa, kwa kazi gani, mwaka gani, kwa nini mbili: hakuna aliyewahi kumuuliza.

Nyinyi wenye bibi na babu walio hai, kawaulizeni wiki hii, na muandike kwa penseli.